Wifi Yangu na Kisanduku cha Joto

"Eti dada, ni kweli wifi yako huwa anaongea na mashine?"

Jirani aliniuliza hivyo tukianika nguo, akacheka mpaka kibanio kikamdondoka mdomoni. Sikumlaumu. Hata mimi, kabla mjukuu wangu hajalazwa, nilidhani kazi ya wifi ni kukaza skrubu tu.

Wifi ni dada wa mume wangu, fundi wa vifaa katika hospitali yetu. Wauguzi humwita Mama Waya, kwa kuwa pale shingoni ambapo madaktari huning'iniza kipimo cha moyo, yeye huning'iniza waya wa kijivu. Hana maneno mengi. Akija kwangu kula, utamwona ametega sikio kwenye friji yangu zaidi kuliko kwenye umbea wangu.

Binti yangu alijifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo hata niliogopa kumshika. Akawekwa kwenye kisanduku cha kioo kinachopuliza hewa ya joto. Ndicho pekee kilichokuwa wazi. Vingine vilikuwa na watoto wa wenzetu. Nacho kilikuwa na tabia mbaya, kinapoa ghafla na kupiga king'ora. Wauguzi walikizima na kukiwasha, kikatengemaa kwa muda. Wifi akiitwa, anachomeka ule waya kati ya kisanduku na kompyuta, anakiuliza kina kosa gani. Kinajibu hakuna. Kumbe kikizimwa kinasahau makosa yote. Walishabadilisha hita, wapi!

Asubuhi moja wifi alikuja kumwona mtoto, king'ora kikalia palepale. Muuguzi wa zamu akanyoosha mkono kwenye swichi. Wifi akasimama mbele yake.

"Usizime!"

"Mama Waya, mtoto anapoa! Hebu pisha."

"Mtoe, mpe mama yake, ngozi kwa ngozi. Mashine niachie mimi."

Binti yangu akafungua vifungo vya gauni, tukamlaza mtoto kifuani pake, tukawafunika blanketi. Midomo ya mtoto ilikuwa imebadilika rangi.

"Shangazi, fanya haraka, simsikii akipumua!"

Nikaweka kiganja mgongoni pa mtoto. Alikuwa akipumua, kwa shida. Nikamwita Mungu, ila maneno ya sala hayakufuatana.

Wifi alikwisha chomeka waya kwenye kompyuta aliyokuja nayo. Kompyuta ikaleta alama zisizosomeka. "Spidi ya mashine na ya kompyuta hazijalingana," akanong'ona, akabadilisha, akauliza upya. Safari hii mashine ikajibu vizuri.

"Feni imesimama," akasoma.

"Si umeshalijua? Zima basi!" muuguzi akasema.

"Bado. Haisemi yote kwa mkupuo. Ikishataja kosa inalifuta, ukiuliza tena ndipo inataja linalofuata. Nitaiuliza mpaka iseme imemaliza."

"Mtoto yuko hivi, wewe unapiga soga na mashine!"

Wifi hakugeuka. Akauliza tena: hita imejikata kwa kuzidiwa na joto. Akauliza tena: joto la mtoto limeshuka. Akauliza tena, na mashine ikajibu hakuna kosa.

"Sisi kwenye skrini ya kisanduku tulikuwa tunaona hili la mwisho tu," akasema. "Hita ni nzima. Feni ikigoma, joto halitoki, basi hita inajikata isije ikaungua."

Hapo akaizima mwenyewe, akafungua sehemu ya chini. Nyuzi za blanketi zilikuwa zimejisokota kwenye mhimili wa feni kama nywele kwenye kitana. Akazichomoa kwa kibano, moja moja, mpaka feni ikazunguka kwa kuisukuma na kidole. Akawasha. Tukasubiri joto lipande.

"Mama," binti yangu akaniita, machozi yanamtoka. "Ananipiga teke."

Kisanduku kilipopata joto la kutosha na kutulia, mtoto akarudishwa ndani. Rangi ya midomo ilikuwa imerudi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, wodi nzima ikaitikia.

Muuguzi akamshika wifi mkono. "Nisamehe, Mama Waya. Kidogo nikusukume."

"Ungenisukuma ungenilaza wodini, mifupa yenyewe hii." Kisha akakunja waya wake, akamtazama muuguzi.

"Naomba kitu kimoja tu. Ikilia tena, mtoeni mtoto, mashine iacheni ikiwaka, halafu mniite."