Udongo Aliobeba Mama

Wageni wakifika Goma husema, ee, udongo wa volkano una rutuba, nyinyi muna bahati. Nawaacha waseme. Mimi nimekulia juu ya lile jiwe. Kabla jiwe halijawa udongo, mutu anakuwa amekwisha kuzaa, kuzeeka na kuzikwa. Sisi tulipofika, miaka ya hamsini, Wabeleji bado wakitawala, hata majani yalikuwa yanaona haya kuota pale.

Tulitoka Masisi. Malisho yetu yaligeuka shamba la kahawa la muzungu, na papa akaonyeshwa kiwanja karibu na ziwa dogo la Lac Vert, kando ya barabara ya Sake. Kiwanja, bwana! Mawe meusi, makali, ukianguka unaacha ngozi ya goti. Papa alikuwa mchungaji asiye na ng'ombe tena, basi alikaa juu ya jiwe kutwa nzima akitazama ziwa. Mama yeye aliuliza kitu kimoja tu: "Maharagi yangu nitapanda wapi?"

Akachukua kitunga chake.

Mbele huko, ambako jiwe linakwisha, watengeneza barabara walikuwa wanachimba na kutupa udongo pembeni. Mama alienda kuuchota, akajitwika, akaja kuumwaga ndani ya nyufa za mawe mbele ya nyumba. Kila siku ya Mungu, hadi nywele za utosini zikaisha. Wapita njia walimcheka: "Mama, unazika nani?" Naye anawajibu, "Ninazika njaa." Alipanda maharagi humo ndani ya nyufa, punje hapa, punje pale. Mvua kubwa ya kwanza ikanyesha. Ilipokatika, nyufa zilikuwa zimeoshwa kama sahani, na udongo wote umeteremka ndani ya shimo pana kama bonde dogo, upande wa chini wa kiwanja chetu.

Nilidhani atalia. Alisimama ukingoni, mikono kiunoni. "Maji hufuata mkondo," alisema. "Na mimi nitafuata udongo wangu."

Lakini shimo lile lilikuwa na mazuku. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi kule kwetu. Huioni, huisikii harufu. Ni nzito, inalala mabondeni usiku kucha, na asubuhi unakuta ndege wamekufa bila jeraha. Jirani yetu, mama mumoja Muhunde, wa kabila la wenyeji, aliyezaliwa palepale, ndiye aliyetufundisha kuishi nayo. Asubuhi usishuke. Ngoja jua lipande, upepo wa ziwa uingie shimoni ufagie. Ukiwa na mashaka, washa majani makavu kwenye ncha ya mti mrefu, uyateremshe. Moto ukizimika, rudi kwako.

"Na musiinamie ile kitu," alisema. "Inashika mutu kuanzia chini."

Mama alishika mafundisho yote. Alishuka kupanda na kupalilia mule shimoni saa sita za mchana tu, jua likiwa utosini, na kila mvua ilimletea udongo zaidi kutoka kule juu alikoendelea kuumwaga. Msimu ule tulikula maharagi yetu wenyewe. Jamani, utamu wake! Papa alikula, kisha akasema sasa na yeye atafanya kazi ya mwanaume.

Maana mbuzi walikuwa wanatusumbua. Upande wa ziwa, shimo lilikuwa na mwanya, mahali ukingo ulipokuwa chini, na mbuzi wa kijiji kizima waliingilia hapo. Papa aliipenda sana methali moja, aliisema hata mahali isipofaa: usipoziba ufa utajenga ukuta. Yeye aliziba ufa kwa kujenga ukuta. Alipanga mawe, jiwe juu ya jiwe, kama wanavyojenga wote Goma, halafu akaona matundu yanaweza kupitisha vitoto vya mbuzi, akayaziba kwa udongo uliokandwa na majani. Ukawa ukuta mzuri kweli. Majirani walikuja kuupiga makofi kwa viganja, wakamsifu, na papa alitembea kijijini kifua mbele, mara ya kwanza tangu Masisi. Hata yule mama Muhunde alisema, "Muzee, sasa umekuwa mutu wa mawe." Sisi wote tulifurahi. Mutu hata mumoja hakujiuliza ule mwanya ulikuwa wa nani kabla haujawa wa mbuzi. Upepo uliingilia hapo. Mazuku ilitokea hapo kwenda ziwani.

Maharagi yalistawi. Panya walianza kuonekana wamekufa kati ya mashina, na papa akacheka: "Yampayinka, Aliyenipa ng'ombe, hata panya wanaogopa ukuta wangu!" Mama naye alicheka. Panya wa kufa asubuhi tuliwazoea. Hatukujua hawa walikufa saa ngapi.

Siku hiyo nilikuwa nje, napika. Jua lilikuwa kali, saa yake ileile ya kushuka. Ugali ulipoiva nikaita, "Mama, chakula!" Hakuitika. Nikaenda ukingoni, nikaona mgongo wake katikati ya maharagi, ameinama, kitenge cha rangi ya machungwa. Nikasema moyoni, huyu mama, hata njaa haisikii. Nikaita tena. Ndipo nikaona kwamba hakuwa ameinama. Amelala kifudifudi.

Nilipiga kelele nisizozijua. Papa akaja mbio, akataka kujirusha ndani. Yule mama Muhunde alimdaka shati kwa nyuma, likapasuka, akamkumbatia kiuno. Mti wenye majani yanayowaka ukateremshwa. Moto ulizimika kabla haujafika usawa wa kifua cha mutu.

"Ukuta!" jirani akalia. "Bomoeni ukuta!"

Papa ndiye aliyeubomoa. Mawe aliyoyapanga kwa kupenda, yakashikana vizuri mno, aliyang'oa kwa vidole hadi kucha zikatoka. Wanaume wengine walimsaidia, lakini yeye alikuwa mbele, anasema peke yake, "Toka, toka, toka." Ukuta ukafunguka. Kisha tukangoja. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Mama yangu alikuwa pale, ningeweza kumtupia punje ya haragi ikamgonga, na sisi watu wazima na watoto tumesimama ukingoni tunangoja upepo. Moto ukateremshwa, ukazimika. Ukateremshwa tena, ukazimika. Ulipokubali kuwaka hadi chini, walimtoa. Uso wake ulikuwa na udongo, mdomoni pia. Hakuwa na alama yoyote nyingine.

Kaburi je? Juu ya jiwe huchimbi kaburi. Wanaume walipiga jiwe kwa mitarimbo tangu asubuhi, wakafika magotini, mikono ikakataa. Wakasema wamfunike kwa mawe, ndivyo wanavyofanya wengi. Papa akakataa. Alisema mke wake hatalala chini ya mawe aliyoyapanga yeye. Akachukua kile kitunga, akawasha majani, akashuka shimoni moto ukiwa mbele yake, akachota. Alipanda na kushuka, mashina ya maharagi yakiwa yamechanganyika humo, hadi mama akafunikwa vizuri, kwa udongo aliokuwa ameuleta mwenyewe kichwani. Jirani akasema, angalau amelala ndani ya mali yake. Nikaona ni kweli, na kidogo nikatulia.

Halafu mvua ikanyesha. Tuliamka tukakuta kingo za kaburi ziko wazi, nyeusi, zimeoshwa. Udongo mwingi ulikuwa umerudi shimoni.

Papa aliangalia chini, akachukua kitunga, akawasha majani. Tangu siku hiyo hakulima, hakuchunga, hakutafuta kazi Goma kama wenzake. Kila mvua ikikatika alishuka kuuchota, akaupandisha, akamfunika mama. Na Goma, ninyi munaijua, mvua haikosi.