Mikono Juu Mpaka Madam Aseme Amina

Nilimaliza kidato cha nne mwaka juzi, na tangu hapo nilikuwa tu nyumbani mtaa wa Pipeline, naosha vyombo na kungoja simu ilie. Kwa hivyo jirani aliposema kuna shule mtaa wa Huruma inatafuta mtu wa kushikilia darasa siku tatu, mwalimu wao ni mgonjwa, hata sikuuliza ni shule gani. Siku ya kwanza niliamka saa kumi na moja, nikapiga magoti kando ya kitanda. Sitaficha nilichoomba. Nilisema: Mungu, hizi siku tatu ziongeze.

Ilikuwa shule ya kanisa la vilemba vyeupe. Ghorofa ya kwanza, juu ya mashine ya kusaga unga, sakafu inatetemeka mpaka unaisikia kwa meno. Watoto wote wamefunga vilemba, wasichana kwa wavulana. Sisi ni watu wa Ukambani, na kanisa letu unaingia na viatu vyako unakaa kwa benchi. Nikaingia mbio, vile mimi huingia kila mahali.

"Madam! Madam! Hapa hatuingiangi na viatu!"

Walisimama wote, macho kwa miguu yangu, kama nimekanyaga mtoto. Kumbe hicho chumba cha darasa ndicho kanisa siku ya ibada. Nikarudi mlangoni nikavua. Soksi yangu moja ilikuwa na shimo.

"Kidole ya Madam inachungulia," kijana mmoja wa nyuma akasema.

"Inatusalimia," mwingine akadakia. "Niaje, kidole!"

Wakacheka, na mimi nikacheka. Nilihisi hao watoto tutaelewana.

Pale mlangoni kulikuwa na patipati za bluu, ndala za mpira tu, zimepanguswa safi, zimegeuzwa zikitazama nje. Nikazisukuma kidogo na mguu nipate pa kuweka viatu vyangu. Msichana mmoja, prifekti wao, akatoka kwa dawati lake akazirudisha palepale.

"Usizisongeshe, Madam. Ni za Madam wetu, za kuenda choo. Mimi huzigeuza kila asubuhi, ndio akirudi avae tu. Mgongo inamuuma, hawezi kuinama."

"Aliondoka lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita. Alisema anaenda tu kupimwa."

Nikafundisha hesabu za sehemu, nusu na robo. Nikachora duara ubaoni, nikaligawa mara nne, na wakaniangalia tu.

"Madam wetu hutumiaga chapo," prifekti akasema. "Anaikata, halafu mwenye amepata jibu anakula."

"Kesho nitaleta chapati," nikasema. Nikaongeza, "Na kesho kutwa." Nilishaanza kujiona hapo mpaka mwisho wa muhula.

Saa ya lunch, watoto wakiwa kwa githeri, mkubwa wa shule aliniita kwenye ngazi. Ni mama mtu mzima, mpole, anaongea polepole sana, na mimi huchoka haraka na watu wa polepole.

"Mwalimu," akasema, "huyo mwenzako ametuacha."

Nilidhani ameacha kazi. Na roho yangu, aki, iliruka. Niliuliza, na nilikuwa natabasamu, "Amepata shule ingine?"

Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ameaga dunia, mama. Saa nne hii."

Saa nne nilikuwa ubaoni, nagawa lile duara.

"Usiwaambie," akasema. "Mchungaji atawaambia kesho asubuhi, wazazi wao wakiwa hapa. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Mimi husema nitaweza kabla sijafikiria.

Sasa, hiyo shule iko na desturi yake. Baada ya chakula watoto husimama, wanainua mikono, mmoja anaomba. Akimaliza, hakuna anayeshusha mkono mpaka mwalimu aseme Amina. Siku hiyo aliomba prifekti.

"Mungu, mponye Madam wetu. Mrudishe kabla ya Ijumaa, kwa sababu ni yeye anajua mahali tulifika. Na huyu Madam mpya, asante kwa kumleta, ametushikilia vizuri."

Akamaliza. Wote wakangoja.

Neno lenyewe ni dogo, nimelisema tangu nikiwa mtoto bila kulifikiria. Lakini nilikuwa nimelisema pia asubuhi, kando ya kitanda changu, mwisho wa ombi langu. Nikafungua mdomo, ukakataa. Chini mashine ilikuwa inasaga. Mikono ikaanza kutetemeka, ile midogo kwanza.

"Madam," mmoja akanong'ona, "mikono inauma."

"Amina," nikasema.

"Amina!" wakajibu, wakaketi, wakafungua vitabu.

Sikumbuki nilichofundisha baada ya hapo. Kengele ilipolia, prifekti alikuwa wa kwanza kutoka. Nilibaki nikifuta ubao, lile duara nikalifuta mwisho. Nilipofika mlangoni nilimkuta amechuchumaa, anapangusa viatu vyangu na upindo wa sweta yake. Alikuwa amevipanga kando ya zile patipati, vimegeuzwa vikitazama nje.

"Kesho pia utakuja, Madam? Mpaka arudi?"

"Nitakuja," nikasema.

"Mpaka arudi?"

Niliinama kama navaa viatu. Nilikaa hapo chini, nafunga kamba, nafungua, nafunga tena, mpaka nikasikia ameshuka ngazi.