Kocha Aliyechunga Ng'ombe wa Beki Wake

"Siku ile ya Majimoto mjinga nilikuwa mimi," anasema Amedeus Ponsian, akimkimbilia ng'ombe mwekundu anayeinyemelea mihogo ya watu. "Andika hivyo hivyo. Usinipambe."

Ni asubuhi, pembezoni mwa kata ya Misunkumilo, Mpanda. Umande bado uko kwenye nyasi. Amedeus anakimbia kwa goti moja zima na jingine la mashaka. Jezi yake imechuja, namba tatu ya mgongoni imebaki kivuli tu.

Jezi hiyo aliivaa Ligi Kuu kwa misimu sita, akicheza beki wa kushoto. Leo yuko nyuma ya ng'ombe, na ng'ombe wenyewe si wake. Ni wa Mzee Mwandu, baba wa beki wake wa kati.

Amedeus ni kocha wa Misunkumilo Stars, timu ya Ligi ya Mkoa wa Katavi. Jumamosi timu yake inacheza mechi ya mwisho ya msimu. Ikishinda, inakuwa bingwa na kwenda kuuwakilisha mkoa. Isiposhinda, kamati imeshamwambia aache ufunguo wa stoo ya mipira mezani.

Alizaliwa Majimoto, mkoa huo huo, kwa wakulima wa mpunga. Mpira ulimtoa huko akiwa kijana, ukamzungusha nchi nzima, kisha goti likamrudisha mkoani, akatua Mpanda.

"Daktari aliniambia goti langu limenizidi umri," anasema. "Nikamuuliza, sasa niliamkie shikamoo?"

Akasomea ukocha, akapata leseni. Mchana anauza mchele sokoni na mkewe, Theopista. Jioni yuko uwanjani. Posho ya timu, anasema, inatosha soda, tena ya kugawana.

Theopista ana maelezo mafupi zaidi. "Wanaume wengine wana nyumba ndogo. Wangu ana wavulana ishirini, na wote wanakula kwangu."

Shida kubwa ya Amedeus ilikuwa sauti. Uwanja wa Misunkumilo una upepo, mashabiki wanasimama hadi kwenye chaki, na goti haliruhusu kupanda na kushuka pembeni mwa mstari. Akiita beki, anayegeuka ni muuza karanga.

Ndipo siku moja akamwona Malale, beki wake wa kati, akichunga. Kijana alisimama sehemu moja tu. Akipiga mluzi mrefu, kundi linarudi. Akipiga mifupi miwili, linasonga mbele. Hakuinua hata fimbo.

"Nikamwambia, wewe mtoto, mimi nakauka koo kila Jumamosi na wewe una kitu hicho mdomoni? Nifundishe!"

Wiki chache baadaye mabeki wa Stars walikuwa wakipanda na kushuka kwa mluzi, pamoja, kama mlango. Washambuliaji wa timu nyingine walinaswa wakiotea mpaka wakawa wanagombana wenyewe kwa wenyewe. Mitaani watu wakasema kocha ana dawa.

Kisha wakaenda Majimoto kucheza na Mpimbwe Rangers.

Amedeus alikwenda kwao kifua mbele. Mama yake alikaa mstari wa mbele na kanga mpya. Kocha akapiga mifupi miwili, mabeki wake wakapanda. Washambuliaji wa Rangers wakasimama tuli, wakimwachia kiungo wao atokee nyuma peke yake. Goli. Akapiga tena. Goli.

Kitu kimoja hakukifikiria. Majimoto ina wafugaji wengi, na nusu ya wachezaji wa Rangers wamekulia nyuma ya ng'ombe. Miluzi ile waliijua kabla hawajajua kuhesabu.

Mechi iliisha nne bila. Mzee Mwandu, aliyekuwa amekuja Majimoto kwenye mnada wa ng'ombe, alimsubiri kwenye pikipiki.

"Mwalimu, hongera," alimwambia. "Leo umefundisha timu mbili."

Mama yake naye alimpakulia wali mlima mzima. "Kula, mwanangu. Wenzako wote umeshawalisha."

Mechi ya marudiano ndiyo hii ya Jumamosi. Katibu wa timu, Telesfori, alitaka miluzi ipigwe marufuku na kocha mpya atafutwe Dar es Salaam. Amedeus akakataa. Miluzi itabaki ile ile, akasema, ila maana zitabadilishana: mrefu utakuwa mbele, mifupi miwili itakuwa nyuma.

Wachezaji wote walishika, isipokuwa aliyekuwa mwalimu wao. Malale akisikia mluzi mrefu, kichwa kinasema mbele, miguu inarudi.

"Kosa si lake," anasema Amedeus. "Jioni namfundisha hivi, asubuhi ng'ombe wanamfundisha vile. Na ng'ombe wana muda mwingi kuliko mimi."

Akaenda kwa Mzee Mwandu kuomba kijana apumzishwe kuchunga hadi mechi ipite.

"Umeshamharibu mtoto," mzee alimjibu, "sasa unataka na ng'ombe zangu zipotee?"

"Basi nitachunga mimi."

Mzee alicheka mpaka akashika mti. "Wewe mla wali? Haya, chunga. Ila ukipoteza hata ndama, unabaki hapa na mwanangu anakuwa kocha."

Ndiyo maana asubuhi hii mchezaji wa zamani wa Ligi Kuu anamsihi ng'ombe mwekundu atoke kwenye mihogo. Anapiga mluzi. Mwekundu anamtazama, anatafuna.

"Huyu ni kama kiungo wangu," anasema kocha. "Amesikia. Anafikiria kama nastahili."

Jumamosi ilipofika, watu wa Majimoto walikuja na malori, na kwenye kiti cha mbele cha lori la kwanza alikaa mama yake Amedeus. Kipindi cha kwanza hakikuwa na goli. Cha pili kilipokolea, Stars wakapata kona, ikaokolewa. Kocha akaweka vidole mdomoni, akapiga mluzi mrefu.

Rangers waliusikia kama walivyousikia tangu utotoni: wenyeji wanarudi. Wakatoka golini kwao kwa furaha. Malale alisita. Mguu mmoja ulianza kurudi nyuma, Amedeus akafumba macho. Alipofumbua, Malale alikuwa anakimbia mbele, peke yake, mpira uliorudishwa kwa krosi unashuka kichwani mwake.

Moja bila.

Rangers waligutuka. Mashabiki wao wakaanza kupiga miluzi ya kila aina ili kuvuruga, wa nyumbani wakajibu, na uwanja ukawa kama bwawa la kunyweshea mifugo. Kocha akatoa vidole mdomoni. Malale, ambaye sasa alikuwa ameziba masikio kwa nyasi, akawapanga wenzake kwa mikono mpaka mwisho.

Mzee Mwandu alikuja kuhesabu ng'ombe wake, akakuta hata ndama hajapungua. "Umefaulu," akasema, "ila mwekundu anakulalamikia."

Sasa Amedeus anaiandaa timu kwa mashindano ya mabingwa wa mikoa. Ana ndoto moja, na haifichi: kukaa siku moja benchi la Ligi Kuu, mahali goti lilipomtoa. "Nilitoka nimebebwa. Nataka kurudi natembea, hata kama nachechemea."

Lakini Jumatatu kulikuwa na kikao cha kamati, na Telesfori alikuwa bado hajaikubali miluzi. Alizungumza akiwa ameziba mdomo kwa leso, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza.

"Ushindi ule ni bahati," alisema kupitia leso. "Huko taifani tutachekwa. Kocha wa kisasa hapigi miluzi. Miluzi ni ya machungani, si ya mpira. Mtu mwenye heshima zake hawezi kusimama mbele za watu akapuliza vidole!"

Amedeus aliinamia meza. Mwenyekiti wa timu, Mama Pudensiana, alikunja miwani yake taratibu.

"Katibu, kabla hujaendelea," alisema. "Lile jino la bandia lililokuchomoka Jumamosi ukipiga mluzi umesimama juu ya benchi, umelipata?"