Mwanamke Anayebisha Hodi Mgodini

Kila asubuhi, kabla hatujaanza kuchimba, mama mkaguzi wetu wa miamba hugonga dari ya mgodi kwa mtaimbo, mara tatu, kisha hutega sikio kama mtu anayengoja kuitikiwa hodi. Mwamba ukilia kama kengele, tunapita. Ukilia kama pipa tupu, tunarudi.

"Kwani mumeo yumo humo?" humtania Ntate Molefi, mzee wetu wa Kisotho, yule aliyeapa kwamba mwanamke akishuka, mgodi utatufukia.

"Usimkatize, anaongea," hujibu mama, sikio bado mwambani.

Jana mama huyo aliugua. Molefi akakaa mlangoni, kofia mapajani. "Bila yeye mimi sishuki!" Tukamcheka. Ndipo kule chini, kusikokuwa na mtu, mtaimbo ukagonga mara tatu. Mwamba ukalia kama pipa tupu.