Kiti cha Baiskeli ya Mama Mkwe

Watu wa Uriri wakikuambia Zilpah alinyang'anywa baiskeli kwa sababu ya uvivu, waambie wamwogope Mungu. Zilpah hakuwa mvivu. Nimemwoa binti yake, Damaris, na kazi yangu ni ufundi wa baiskeli, kwa hiyo kama kuna mtu anayeijua habari hii tangu mwanzo hadi mwisho ni mimi, Jared. Heri nisingeijua.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Mradi mmoja wa afya ulikuja huku ukachagua akina mama wa kuzunguka vijijini, wale tunaowaita nyamrerwa. Wanapima watoto uzito, wanagawa dawa ya malaria na zile pakiti za kuharisha, wanafundisha watu kuchemsha maji. Zilpah alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitano, mwembamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Kabla Damaris hajazaliwa, alizika watoto wawili katika wiki moja, wote kwa kuharisha. Alikuwa akisema, "Kama wakati ule angepita mtu mmoja tu na pakiti moja..." Maneno hayo hakuwahi kuyamaliza.

Alipewa nyumba arobaini, zimetapakaa huko vilimani, na kila nyumba lazima aifikie kila mwezi. Ndiyo maana mradi ukampa baiskeli. Sharti lilikuwa moja: ukishindwa kuiendesha, inachukuliwa anapewa mwingine, na kazi inakwenda nayo.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ile nyeusi ya kiume, nzito, kiti chake cha ngozi kavu, chembamba, mbele kimechongoka. Alijifunzia kwenye uwanja wa shule ya msingi huku vijana wakicheka mpaka wanakaa chini. Baada ya wiki mbili akaijua. Wiki ya tatu akaanza kutembea vibaya.

Sasa asiye wa huku ataniuliza, wewe si una kibanda cha baiskeli pale sokoni, shida iko wapi? Shida ni kwamba kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake wanaogopana. Simpi mkono. Sili mbele yake. Nikimwona njiani naingia kwenye majani hadi apite. Siwezi kukaa anapokaa, sembuse kulala anapolala. Heshima si utumwa, ndivyo tulivyolelewa, na mimi nilijivunia sana kuitwa mkwe mwenye adabu. Basi niambie, kiti cha baiskeli ni nini kama si mahali mtu anapokaa?

Tukafanya hivi. Zilpah aliiacha baiskeli pale kwenye mashine ya kusaga unga, Damaris akaisukuma hadi kwangu, nikamaliza, akairudisha palepale. Kiti cha mteja mwingine yeyote huwa nakijaribu mwenyewe. Napanda, nazunguka soko mara mbili, na matako yangu yananiambia kasoro iko wapi. Cha mama mkwe sikukikalia hata siku moja. Nilikijaribu kwa ngumi.

"Mama anasema kina shida gani?" nilimuuliza Damaris siku ya kwanza.

Damaris akaangalia chini. "Anasema ni kigumu."

Kigumu tu! Nikacheka. Nikakata kipande cha godoro, nikakikunja juu ya kile kiti, nikakifunga kwa vipande vya tyubu mpaka kikatulia. Wiki moja baadaye baiskeli hiyo imerudi. "Bado," Damaris akasema. Nikaongeza godoro. Ikarudi tena. "Anasema afadhali kile cha kwanza."

"Cha kwanza? Kile kilichokuwa kama mbao?" Hapo nikapandisha hasira. "Mama yako anajua anachotaka kweli?"

Siku hizo mvua ilikuwa inanyesha kila mchana, na godoro lilikuwa likinyonya maji. Zilpah alikuwa akifika kwenye boma la watu akiwa amelowa nyuma kama mtu aliyejikojolea, watoto wanamwangalia na kunong'ona. Akaanza kubeba leso ya kubadilisha kwenye mkoba wa dawa. Nikatoa godoro, nikaweka ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Wanaume wawili walitaka kuinunua hapohapo kibandani, walivyoipenda. Wiki moja, baiskeli hiyoo, inasukumwa na Damaris.

Nilikwenda hadi Migori mjini, dukani kwa Suleman, muuza vipuri. Nikamwambia nataka kiti cha mwanamke.

"Cha mwanamke ndiyo kipi, fundi?" Suleman akasema. "Kiti ni kiti. Hebu angalia hapo juu, vyote vimefanana." Lakini ni mtu muungwana, akaagiza Nairobi. Tukangoja miezi miwili. Kikaja kipana kama sinia, kina springi nne chini, na nikafurahi kama mtoto wa shule. Nilikifunga siku hiyohiyo. Springi mbili zilikatika kwenye mawe ya mteremko wa kwanza, na hata kabla hazijakatika, Damaris aliniambia upana unamchuna mapaja.

"Na mbele bado," akaongeza.

"Mbele wapi?"

"Nimesema bado, Jared. Niache."

Nikamwacha. Fundi mzima, mwenye miaka kumi na tano kwenye kazi, nikaambiwa mbele bado, nikamwacha.

Zilpah akaona bora ajipeleke kwa fundi asiye mkwe wake. Kule Migori kuna Mwikwabe, Mkuria, fundi mzuri kuliko mimi, hilo nakubali. Mwikwabe aliitazama baiskeli, akamuuliza swali ambalo mimi nilipaswa kuuliza tangu mwanzo. Ila alimuuliza mbele ya wanaume saba waliokuwa wakicheza drafti pale kibandani.

"Mama, kinakuuma wapi hasa? Sema tu, mficha uchi hazai!"

Wale wanaume wakaangua kicheko. Zilpah akashika usukani, akaisukuma baiskeli yake mpaka Uriri bila kuipanda, na kwa Mwikwabe hakurudi tena. Nilipopata habari nilimtukana Mwikwabe wiki nzima, tena nikiwa peke yangu, hata hakunisikia.

Mwaka wa tisini na sita ulipoingia, nyumba arobaini zilikuwa zimekuwa thelathini, kisha kumi na tisa. Mlimani Zilpah alikuwa akiisukuma baiskeli kama kila mtu. Ajabu ni kwamba hata kwenye mteremko, ambapo mtoto mdogo angeiachia ijiendee, yeye alishuka akaisukuma. Watu wakaanza kusema. Akina mama wa juu walimtuma mtu sokoni kuuliza kama nyamrerwa wao amehama. Damaris aliniambia mama ana jipu. Nikamjibu litaiva, litapasuka, atapona. Yawa, mdomo wangu huu!

Siku ya soko, Alhamisi, akaja msimamizi wa mradi kutoka Homa Bay, kijana mmoja aitwaye Byron, kwa pikipiki. Alikuwa amemkuta Zilpah njiani akisukuma baiskeli kwenye mteremko ule mrefu. Hakumfokea, sitamsingizia. Alimwambia tu amfuate hadi kwa fundi. Nikawaona wanakuja, Byron mbele, mama mkwe wangu hatua kumi nyuma yake na baiskeli. Nikafanya kama adabu inavyotaka. Nikawapa mgongo, nikashika tairi lililotundikwa ukutani kana kwamba nalikagua.

"Fundi," Byron akasema, "wewe ndiye unayeitengeneza hii?"

"Ni mimi."

"Mama haniambii kitu. Nakuuliza wewe. Kama ina kasoro niandike, tutaangalia la kufanya. Ina kasoro?"

Soko lilikuwa limejaa. Watu walikuwa wamesimama kutusikiliza, si unajua watu wa soko. Zilpah alikuwa pale, nasikia pumzi yake. Ningesema nini? Kwamba kiti kinamuumiza mama mkwe wangu? Watu wangeuliza kinamuumiza wapi, na mimi mkwe nimejuaje? Na nitasema ukweli wote, kulikuwa na jambo la pili. Nilikuwa nimekitengeneza kiti kile mara sita, na sikutaka Uriri nzima isikie kwamba kimenishinda.

"Baiskeli ni nzima," nikasema. "Haina hata kasoro moja."

Byron akaandika. Akamwambia Zilpah pole mama, umejitahidi, umri nao umekwenda, sasa tutampa kijana. Zilpah alifungua mkoba kwenye keria, akatoa mizani ya kupimia watoto, akaipangusa kwa leso yake, akamkabidhi. Jumamosi baiskeli ikapewa Cliff, kijana wa miaka ishirini, akaondoka nayo akipiga mluzi.

Jumatatu Zilpah akashikwa na homa kali, wakamlaza hospitali. Daktari mmoja wa kike alimfunua nguo, akamuuliza Damaris, hiki kidonda mmekiangalia tu miezi yote hii? Jioni Damaris akaja nyumbani, akakaa sakafuni, akanieleza akilia.

"Mama hakuwahi kusema ni kigumu. Hata siku moja. Tangu siku ya kwanza alisema ile ncha ya mbele inamkata pale alipotolea watoto. Sasa wewe ni mkwe wake, Jared. Ningekuambiaje neno kama hilo? Nikasema kigumu."

Nilitaka kumpiga kofi, kisha nikataka kujipiga mwenyewe, maana nilielewa papo hapo. Kila nilipoongeza ulaini, alizama zaidi, na kila alipozama, ile ncha ilipanda ikamkuta. Miezi yote ile nilikuwa namkata mama mkwe wangu kwa godoro na ngozi ya kondoo, nikidhani namhurumia.

Wiki tatu baadaye akatoka hospitali. Nilichukua kiti kikuukuu, nikaikata ncha yake, nikapasua mwanya katikati kutoka mbele hadi nyuma, nikashona kingo. Maji ya chai yalikuwa jikoni. Nilimaliza kabla hayajachemka. Nikaenda kwake, mimi mwenyewe, bila Damaris.

Alikuwa ameketi kwa upande kwenye kiti cha mbao, mto chini yake. Aliponiona mlangoni akageuza uso kuelekea ukutani, na mimi nikageukia nje. Tukazungumza hivyo, kila mtu na upande wake.

"Mama, nimekuja kuuliza," nikasema. Nikaweka kile kiti chini, nikakisukuma kwa mguu hadi karibu naye. "Ingekuwa hivi, kingekuuma?"

Nikasikia amekiokota. Nilipochungulia, alikuwa ameingiza dole gumba kwenye ule mwanya, analipitisha mbele na nyuma.

"Ni hivi tu?" akauliza.

"Ni hivi tu, mama."

"Umekikata kwa mashine?"

"Hapana. Kwa kisu."

Akalia. Mama mkwe akilia mbele yako huna pa kuweka macho, huwezi hata kumshika bega. Nilisimama pale najisikia mchafu. Alilia mpaka akachoka, kisha akauliza, bado ameangalia ukuta, "Na nyumba za kule juu? Huyo Cliff anafika?"

Siku zile kazi ya kubeba abiria kwa baiskeli ilikuwa ndiyo kwanza imeingia kwetu, ikitokea Busia, na vijana wote walikuwa wameikimbilia. Asubuhi hiyohiyo Cliff alikuwa amekuja kibandani nimfungie keria pana ya abiria pale palipokuwa pakikaa mkoba wa dawa. Nilikuwa nimemfungia.

"Anafika," nikasema. "Anafika zote arobaini."

Mama mkwe akapangusa macho kwa leso, akasema basi Mungu ashukuriwe.