Mjane wa Kwenye Televisheni

Wiki iliyopita, ndugu yangu, nilikuwa Mugumu nakula mchana mgahawani. Televisheni ya ukutani ilikuwa inaonyesha tamthilia ya mahakamani. Wakili akasimama, "Pingamizi, mheshimiwa!" na wateja wote wakaacha kula. Mimi nikasukuma sahani kando.

Nilipokuwa na miaka kumi, televisheni pale kijijini ilikuwa moja, ya nesi aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa. Bibi yangu alikuwa akimpelekea maziwa, naye akatuzoesha kukaa kwake kila Jumapili baada ya ibada, sisi watatu tu. Tamthilia ilikuwa ya kigeni, imetiwa sauti za Kiswahili, na Kiswahili cha bibi kiliishia kwenye salamu. Nilikaa miguuni pake tukimenya karanga, nikimnong'onezea kila neno kwa Kikurya.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mjane aliyefukuzwa nyumbani na shemeji yake. Bibi hakukosa hata siku moja. Wakili wa yule mjane akisimama, naye alikaa wima. Njiani kurudi aliwapigia mbuzi wa watu kelele, "Pingamizi!" tukacheka mpaka tukashika mbavu.

Alikuwa na sababu. Babu alipofariki, mdogo wake alianza kulima shamba la bibi. Wazee wa ukoo wakaamua wagawane nusu kwa nusu. Bibi akaomba muda wa kufikiri.

Jumapili ya mwisho hakimu akasoma hukumu. Mjane ameshindwa. Nesi akasema taratibu, "Masikini." Bibi akanishika bega.

"Amesemaje?"

Nilimtazama usoni, nikashindwa kumwambia. "Ameshinda, bibi. Amerudishiwa vyote."

"Mbona analia?"

"Ni furaha."

Bibi akapiga vigelegele. Nesi, asiyejua Kikurya, akatukodolea macho.

Kesho yake bibi aliwaambia wazee, "Nusu ya nini? Nataka shamba langu lote." Akaenda kushtaki kwenye baraza la ardhi. Shemeji yake alileta mashahidi watatu. Bibi hakuwa na karatasi wala shahidi, na wale wazee, kwa kuwa aliwakatalia, walinyamaza. Alisimama akasema, "Pingamizi!" Watu wakacheka. Akakosa hata ile nusu. Akahamia Mbalibali kwa shangazi, na godoro na sufuria mbili.

Nilimwambia ukweli nikiwa sekondari, likizo moja, tukiwa tunaanika mtama. Nililia sana. Alianika mpaka akamaliza, ndipo akasema, "Ulikuwa mtoto." Hakunigombeza. Ila tangu siku ile, barua ikija au mgeni akiongea Kiswahili, alimwita binamu yangu amtafsirie.

Bibi hayupo sasa. Nesi alihamishwa zamani, sijui aliko. Nilipotoka mgahawani nilikwenda mpaka kwenye lile shamba. Alizeti zilikuwa zimechanua vizuri, na mama mmoja kijana nisiyemjua akainua jembe na kuniuliza kwa heshima, "Shikamoo. Unamtafuta nani?"