Machozi Yangu na Siku ya Kofia Nyeupe

Neno lenyewe ni blödig. Mdogo wangu alinibandika neno hilo la Kiswidi siku aliponikuta nimesimama kituo cha treni Sundbyberg, hapa Uswidi, natokwa na machozi mbele ya tangazo la paka aliyepotea.

"Kaka, wewe ni blödig kabisa!"

Kesho yake nikamuuliza mama mmoja Mswidi ninayesafisha naye ndege kule Märsta. Akazima mashine ya kufyonza vumbi, akafikiri.

"Ni mtu anayeguswa upesi," akasema. "Si tusi. Ila usiliandike kwenye barua ya kuomba kazi."

Mama yangu husema tu kwamba machozi yangu yako karibu, halafu ananiongezea chapati. Mdogo wangu haongezi kitu. Anacheka.

Mwaka huu neno hilo nusura linikoseshe siku niliyoiota miaka mingi. Mdogo wangu alikuwa anamaliza sekondari. Hapa, siku hiyo, wahitimu hutoka mlangoni mbio na kofia zao nyeupe, na jamaa huwangoja uwanjani wameinua bango lenye picha ya mhitimu alipokuwa mtoto. Mimi ndiye niliyemfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza darasani. Nikose?

"Kama utalia mbele ya marafiki zangu, usije," akaniambia.

"Nitajikaza."

"Wewe? Ulilia nilipong'oka jino!"

"Lilikuwa la kwanza!"

Mama akaamua: nije, ila bango nishike mimi, mikono yote miwili iwe na kazi. Wiki nzima nikafanya mazoezi kwenye treni, nikiwaza vitu visivyoliza mtu: ndoo, ratiba ya zamu, choo cha nyuma cha ndege.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka anaruka, kofia imemkaa upande. Nikauma shavu kwa ndani. Choo, choo, choo. Bango liko juu ya kichwa changu, yeye humo pichani ana mashavu kama maandazi. Mama akamvisha maua shingoni huku akipiga vigelegele, watu wakageuka. Mimi mkavu.

Mdogo wangu akanisogelea. Akanichungulia jicho moja, kisha la pili.

"Mbona hulii?"

"Si ulinikataza?"

"Nilikukataza, ndiyo." Midomo ikaanza kumcheza. "Lakini hata kidogo, kaka?"

Nikampa Mama bango ashike.